Kadi Namba 4172

Kabati lilianguka, na kadi elfu sita za wagonjwa zikamwagika sakafuni. Wakati huohuo daktari aliita kutoka chumba cha upasuaji: "Mektrida! Namba 4172, upesi! Mama huyu amezimia, na sijui ni dawa gani inamdhuru!"

Mektrida, karani wa kadi, alipiga magoti akaanza kuzipanga kadi moja moja, kama alivyozoea kwa miaka kumi na minane.

"Mama, usizipange. Tunatafuta moja tu," alisema kijana mmoja msomi, aliyeletwa Moshi kutoka masomoni Ulaya kuendesha kompyuta ya hospitali ambayo mpaka leo haijafika.

Mektrida alimsonya. "Hayo ndiyo uliyosomea miaka minne? Kuchakura kama kuku?"

Kijana alizikumbatia kadi fungu kwa fungu, akatoka nazo mpaka kwenye foleni na kumpa kila mgonjwa fungu lake. "Nne, moja, saba, mbili. Atakayeiona aseme."

Mektrida alicheka kwa dharau. Wakulima wa kahawa! Vibibi waliojua kusoma juzijuzi, kwenye kisomo cha watu wazima! Aliwatazama wakiburuta vidole vyenye utomvu wa migomba juu ya tarakimu, midomo ikichezacheza.

"Mwanangu, ni hii?" aliuliza bibi mmoja.

Mektrida aliiwahi kabla ya kijana na kumpokonya bibi ile kadi, ili awaaibishe wote wawili mbele za watu. Akaisoma. Akaisoma tena.

Kisha akavua viatu vyake vya visigino, akakimbia nayo kwa daktari.