Godoro la Ukaguzi

Godoro liliingia Kitaji, mjini Musoma, saa mbili asubuhi, limekunjwa na kufungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki ya Mwikwabe. Rhobi alikuwa amelisubiri mlangoni tangu kulipokucha.

"Taratibu, anko. Usiliburuze."

"Hee! Godoro lenyewe la kuazima, na bado unanipangia?" Mwikwabe akacheka.

La kuazima, ndiyo. Mradi wa malezi ya kambo uliahidi godoro kwa kila mtoto. Kilichofika ni fulana zenye nembo. Lakini afisa wa mradi, Madamu Brenda, hakukosa kuja kukagua kila baada ya miezi mitatu: Jumatatu Musoma, Jumatano Butiama, Ijumaa Bunda. Walezi watatu wa njia hiyo wakaona isiwe tabu. Wakachanga, wakanunua godoro moja la futi tatu lenye kava la maua na zipu, na Mwikwabe akapewa kazi ya kulitanguliza mbele ya madamu, nyumba hadi nyumba.

Siku nyingine zote Rhobi, miaka kumi na mmoja, alilalia magunia mawili na kanga kuukuu. Mlezi wake, Mama Matrida, hakuwa mtu mbaya jamani. Alimpikia, alimsuka, alimpeleka kanisani. Ila aliogopa fomu za ofisini kuliko alivyoogopa njaa, maana akiandikwa vibaya mtoto atahamishwa.

"Lete shuka nitandike," alisema.

"Hapana mama, nitatandika mwenyewe."

Rhobi akaingia chumbani, akarudishia mlango. Akakawia humo, kawaida yake siku za ukaguzi. Alipotoka alikuwa anatabasamu peke yake.

"Mtoto huyu anapendaga godoro, acha tu!" Mama Matrida alimnong'oneza Mwikwabe, na roho ikamuuma. Kitu kidogo hivyo, na hana uwezo wa kumpa.

Madamu Brenda akafika saa nne, kijana bado, mwenye moyo mzuri na mafaili mengi. Akakaa juu ya godoro. Kitanda, tiki. Neti, tiki. Kwenye kava, karibu na goti lake, palikuwa na alama ya kuungua kwa pasi. Akaipitishia kidole bila kuwaza.

"Una shida yoyote, Rhobi?"

"Enos. Ulimpa barua yangu?"

Enos ni mdogo wake, darasa la pili. Mama yao alipozikwa, mradi uliwagawa: dada Musoma, mdogo Nyasura kule Bunda, kwa kuwa fomu ilikuwa na nafasi ya mtoto mmoja mmoja.

"Iko kwenye faili, mwanangu. Inasubiri saini."

"Na ile ya kwanza?"

"Ziko pamoja."

Ziko pamoja! Barua zilikuwa na bahati kuliko wenyewe.

"Basi naweza kwenda kumwona?"

"Bajeti ya mwaka huu haina safari za ndugu," madamu alisema, na aliona aibu kweli kusema hivyo.

Rhobi hakulia. Aliuliza tu, "Ijumaa utaenda Bunda?"

"Nitaenda."

"Usiahirishe, madamu."

Mtoto ana nidhamu ya kazi, madamu akawaza, akaandika hilo pia.

Ijumaa, kule Nyasura, akakaa juu ya godoro jingine. Kitanda, tiki. Kidole kikaangukia alama ya pasi. Akainamisha kichwa, akatazama vizuri. Alama ile ile, maua yale yale. Mlangoni Enos alisimama akimkodolea macho, anasubiri ainuke.

Madamu alipandwa na hasira ambayo mradi mzima ulikuwa haujawahi kuiona. Kumbe watoto hawa hawana hata pa kuweka ubavu! Akalitoa godoro nje mwenyewe, akaomba mafuta ya taa. Kisha akapiga simu, akaandika barua, akagombana kwenye vikao mpaka wakubwa wakamchoka. Na muujiza ukatokea: baada ya miezi miwili magodoro mapya yalitoka, kila moja limeandikwa jina la mtoto kwa rangi nyekundu.

Siku ya makabidhiano Kitaji, madamu alikuja na mpiga picha. Mama Matrida alivaa fulana yenye nembo.

"Hili ni lako peke yako, Rhobi," madamu alisema. "Halitatoka humu ndani tena."

Rhobi alilitazama godoro, jina lake limeandikwa kubwa ubavuni.

"Lile la zamani liko wapi?"

"Nililichoma moto siku ile ile, Nyasura. Mambo ya kudanganyana yamekwisha. Hata Enos alilia lilipowaka, maskini. Nikambembeleza, nikamwambia atapata jipya."

Machozi yakaanza kumtiririka Rhobi, kimya kimya, yakidondokea kwenye nailoni ya godoro.

"Piga hiyo," madamu alimwambia mpiga picha, naye akajifuta macho. "Hayo ndiyo machozi ya furaha."

Kamera ikalia mara tatu. Rhobi akasubiri imalize.

"Hukufungua zipu kwanza, madamu?" akauliza. "Barua tunazopelekeana na Enos zilikuwa humo."

Akatoa mfukoni mwa gauni karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, akamwekea kiganjani.

"Basi na hii iweke kwenye faili."