Friji Imesoma Makala

Tangu asubuhi nabishana na friji. Sheria inataka mwandishi wa habari za afya aishi kwa kile alichoandika, yeye na watu wote wa nyumbani kwake. Juzi niliandika kuhusu unga wa majani ya mlonge unaoshusha sukari, na leo friji imeifungia ndani insulini ya mama.

Nikampigia mhariri wangu, Kisanga.

"Niliandika wazi kwamba jaribio lilifanywa kwa panya. Aya hiyo imekwenda wapi?"

"Ilikuwa inachosha, dada Nasemba. Wasomaji wanataka matumaini, hawataki panya."

"Basi njoo umweleze hayo mama yangu."

"Makala ina jina lako, si langu," akasema, kwa ule upole wake wa kuudhi.

Nilimsumbua mpaka adhuhuri akachapisha masahihisho, mistari miwili chini ya matokeo ya mpira. Friji ikayasoma, ikafunguka. Nikachukua sindano na kuingia chumbani kwa mama, bado nafoka.

Alikuwa amekaa kitandani, midomo imemkauka, anakoroga unga wa mlonge kwenye glasi.

"Irudishe hiyo sindano," akasema. "Mimi nimekusoma."

"Mama, ile makala ilikosewa. Tumeshasahihisha, tazama." Nikamwonyesha simu.

Akavaa miwani, akaisoma ile mistari miwili taratibu, kisha akanirudishia simu.

"Haya hayana jina la mtu," akasema, akiinua glasi. "Yale yana jina la mwanangu."