Mpaka Aseme Samahani

Siku hizi anayepigwa nyumbani ndiye anayeiandikia mashine ya bakora adhabu ya aliyempiga. Zamda, aliyeng'olewa jino jana kwa ngumi ya mumewe Shomari, aliandika lupu yake ya kwanza, amri ya kurudia jambo: "Rudia kuchapa mpaka Shomari aseme samahani."

"Na asiposema?" aliuliza mwalimu wake wa kompyuta.

"Atasema tu, mwalimu. Kwani ana ngozi ya kifaru?"

Mashine ilipoanza kumchapa, Shomari, kwa kiburi chake kilekile, aliuma meno akanyamaza, mgongo ukichuruzika damu, mpaka akazirai. Bakora ikashuka tena.

"Sema, Baba Tunu! Sema!" Zamda alimtikisa, damu ikimrukia usoni. Mwishowe akapiga kelele yeye: "Samahani!"

Bakora ikainuka. Ilikuwa inasubiri sauti ya Shomari.