Lambo Lilipohesabu Watu Wanne

Kila asubuhi lambo la Ng'wamalwa lilitangaza lenyewe kiwango chake cha hatari, kufuatana na idadi ya watu waliolala chini ya tuta lake. Huko chini kulikuwa na nyumba moja tu, ya Mihayo, mkewe Nyanzobe na binti yao Kwandu. Kwa hiyo miaka yote lambo lilisema, "Watu watatu. Hatari ndogo," na ng'ombe wa kijiji wakanywa maji tele.

Siku hiyo likasema, "Watu wanne. Hatari ya kati. Maji yatapunguzwa hadi nusu."

Mihayo aliruka kitandani akaanza msako. Alichungulia uvunguni, ndani ya kihenge cha nafaka, hata bandani kwa mbuzi.

"Mama yako amekuja kimyakimya?" alimuuliza mkewe.

"Mama hajawahi kufika popote kimyakimya," alijibu Nyanzobe. "Baba Kwandu, hebu kaa kwanza. Nilitaka nikwambie Jumapili."

Mihayo akakaa. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akasikia lango la lambo likifunguka na maji yakianza kukimbia nyuma ya jiko.

Chai haijachemka, wafugaji wakajaa uani. Kina mama walipiga vigelegele. Mzee Lubinza, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote, alimpa Mihayo mikono yote miwili.

"Hongera sana, mwanangu," alisema, macho yake yakiyafuata maji. "Sasa mnahama lini?"

Nyanzobe aliweka kiganja tumboni. Nje ya ua, mkokoteni ulikuwa umeshafungwa ng'ombe.