Sauti Isiyofifia

Sheria ya wakati ule ilimpa kila aliyepoteza sauti koo moja la umeme na betri moja ya maisha; ya pili haikutolewa. Betri ilipochoka, sauti nayo ilinyong'onyea, na jamaa wakapata muda wa kuzoea. Bi Kazija alikuwa amefikia mnong'ono, na mjukuu wake mdogo alikuwa anaolewa jioni ile.

Mjukuu mkubwa, Saumu, alikuwa mbunifu wa sakiti. Alimletea kigeuzi kidogo kama punje ya mtama, ambacho hushusha volti zikizidi na kuzipandisha zikipungua, koo lisijue tofauti. Sheria haikukikataza, kwa kuwa walioitunga hawakuwahi kukisikia.

"Kitaikamua betri mpaka tone la mwisho, Bibi. Ila hutaonywa. Siku betri itakapoisha, utanyamaza katikati ya neno."

"Unganisha, mke mwenzangu," Bi Kazija akanong'ona. "Huku kunyamaza kidogo kidogo kumenichosha."

Jioni aliimba. Sauti yake ilijaa ua mzima, akawageukia wakwe: "Bwana harusi tumemwona. Wa kumtafunia nyama mmemwacha wapi?"

"Si mlisema huyu ni bubu?" shangazi wa bwana harusi akapiga kelele. "Mmetudanganya, mahari irudi!"

Vicheko na vigelegele vikapasuka. Saumu alicheza mpaka kanga ikamdondoka. Lakini kila Bi Kazija alipotua kati ya beti, Saumu alisimama, mguu mmoja hewani, mpaka ubeti mwingine ulipoanza.