Plagi ya Kakakuona

Palikuwa na Kima, seremala aliyejisifu kwamba kwa miaka ishirini hajapata hata mkwaruzo. Mwenzake kazini alikuwa Kakakuona, mwangalifu kupita kiasi.

Siku moja umeme ulikatika, msumeno wa mashine ukasimama. Kakakuona akajikokota hadi ukutani, akachomoa plagi.

"Bwana wee, unaogopa hata mashine iliyolala?" Kima akacheka, akaingiza vidole kwenye meno ya msumeno ili atoe kibanzi kilichokwama.

Mara taa zikawaka. Msumeno ukabaki kimya.

"Ala! Mashine imekufa!" Kima akalalamika, vidole vikiwa palepale.

"Nzima kabisa, ndugu yangu," alijibu Kakakuona, akiinua plagi. "Niichomeke?"

Kima akatoa vidole upesi, akavihesabu mara mbili. Vilitimia.

Siku hizi umeme ukikatika, Kima ndiye hutangulia ukutani.