Kwikwi ya Mtoto wa Digidigi

Mtoto wa Digidigi, asiyeishiwa maswali, alishikwa na kwikwi mbele ya majirani.

"Shangazi Kanga, mbona napata kwikwi?"

"Msuli wa chini ya mapafu unajikaza ghafla, mwanangu," Kanga akamjibu. Kisha, kama ilivyo desturi ya kumshtua mwenye kwikwi kwa kumsingizia wizi, akafoka: "Wewe! Umeiba mayai yangu!"

Kwikwi ikakatika papo hapo. Mtoto akarukaruka. "Imeisha! Imeisha!"

Lakini Kenge, jirani mpole aliyekaa nyuma, alikuwa ameruka juu zaidi. "Nisamehe, Kanga! Nilikula mawili tu!"

Kanga hakujua hata kama mayai yamepungua.

Mtoto akamkodolea Kenge macho kwa hamu. "Shangazi, kumbe na Mjomba Kenge alikuwa na kwikwi?"